Moyo Ukisimamishwa kwa Makusudi, Ubongo Huishije?

Na mwanafunzi wa S.6

Muhula uliopita, tulipokuwa tukisoma habari za mzunguko wa damu, mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alitukumbusha kwamba moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano. Mwenzetu mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono, akauliza, "Kama ni hivyo, Bwana mwalimu, hao wapasuaji wa Mulago wanaousimamisha moyo wa mtu saa nzima hufanyaje? Mbona mtu huyo huamka akamjua mama yake?"

Hakuuliza ili kumjaribu mwalimu. Mdogo wake wa kike, mtoto wa miaka tisa, ana ugonjwa wa vali ya moyo, na jina lake limo katika orodha ya wanaongojea kupasuliwa. Mwalimu alijibu kwa kifupi, kengele ikalia, nami nikaagizwa nitafute jibu kamili nije niliandike katika gazeti letu. Nimelitafuta katika vitabu, na mwanafunzi mmoja wa zamani wa shule hii, ambaye sasa ni daktari, amenisahihisha mahali nilipokosea.

Swali hili latuhusu sana sisi wa Mengo. Kilima chetu kilizijua hospitali mapema: Daktari Albert Cook wa misheni ya C.M.S. alifika hapa mwaka 1897 akaanzisha hospitali ya Mengo, nayo ingalipo mpaka leo. Mulago, kilima cha upande wa pili wa mji, ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1913, na jengo lake kubwa likafunguliwa mwaka 1962. Huko Mulago ndiko ilikoanzishwa Taasisi ya Moyo ya Uganda mwaka 1988. Kwa muda mrefu mgonjwa wa nchi hii aliyehitaji kufunguliwa moyo alipelekwa ng'ambo, aghalabu India, na asiye na fedha alibaki nyumbani. Mwaka 2007 ndipo upasuaji wa kufungua moyo ulipoanza katika Taasisi hiyo, madaktari kutoka Marekani wakisaidiana na wetu. Jirani zetu wa Tanzania nao walianza pale Muhimbili mwaka 2008, wakapata Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwaka 2015. Basi jambo ninalolieleza hufanywa mwendo mfupi tu kutoka hapa tulipo, kwa bodaboda.

Sasa tuanze na viungo vyenyewe. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Tena hauna ghala. Ini huweka akiba ya sukari, na misuli ya miguu yaweza kufanya kazi kwa muda bila oksijeni ya kutosha (kila aliyekimbia mita 400 siku ya michezo anayajua maumivu yake), lakini ubongo huishi kwa kile kinacholetwa na damu dakika ile ile. Ndiyo maana mtu huzimia katika sekunde chache damu isipofika kichwani.

Moyo nao una ajabu yake. Ni msuli wenye ukubwa wa ngumi, uzito wake kama gramu 300, na hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Watu wengi hudhani kwamba moyo hula damu ile inayopita ndani yake. Sivyo. Lifikirie lori la petroli linalotoka Mombasa kuja Kampala: petroli iliyo katika tangi kubwa la nyuma haiendeshi lori lile, lori lina tangi lake dogo. Vivyo hivyo moyo una mishipa yake miwili midogo, ambayo huchipuka kutoka mshipa mkuu, yaani aota, pale pale aota inapoanzia. Kwa mishipa hiyo miwili ndiyo moyo hujilisha. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa hatari yote ya moyo wakati wa upasuaji yatokana nalo.

Kwa nini basi moyo usimamishwe? Mtu anayeshona nguo hawezi kuishona vizuri ikiwa inachezacheza mikononi mwake, sembuse ikiwa imejaa damu asione sindano. Vali ya moyo wa mtoto ni nyororo, na uzi wa kuishonea ni mwembamba kama unywele. Mpasuaji ataka mahali pakavu palipotulia. Kupapata mahali hapo bila kumwua mgonjwa ndilo tatizo lililowashughulisha madaktari tangu vita kuu ya pili ilipokwisha.

Jibu la kwanza lilikuwa baridi. Huko Toronto, Kanada, daktari aitwaye Bigelow alionyesha mwaka 1950 kwamba mbwa aliyepozwa hutumia oksijeni kidogo sana, mradi azuiwe asitetemeke, maana kutetemeka ni kazi nako huhitaji oksijeni. Mbwa waliopozwa walizuiliwa damu kwa dakika 15, na baadhi yao wakaishi. Bwana huyu baadaye alitumia miaka mingi kumchunguza mnyama mmoja wa porini wa nchi ile alalaye usingizi majira yote ya baridi, akitumaini kuipata siri yake. Siri hakuipata, lakini baridi yenyewe ilitosha. Tarehe 2 Septemba 1952, katika chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, Daktari John Lewis alimpoza mtoto wa kike wa miaka mitano mpaka joto la mwili wake likashuka kutoka digrii 37 hadi 28, akaifunga mishipa iletayo damu moyoni, akaufungua moyo, akaziba tundu lililokuwamo, akafunga tena. Kazi yote ya ndani ilimchukua dakika tano na nusu. Mtoto akapona.

Dakika tano na nusu! Tundu dogo laweza kuzibwa kwa muda huo, lakini vali mbovu haiwezi kutengenezwa. Ilihitajika njia ya kumpa mgonjwa muda mrefu zaidi, na njia hiyo ni mashine ya moyo na mapafu. Daktari John Gibbon aliihangaikia kwa miaka karibu ishirini, na tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, akaitumia kwa msichana wa miaka 18. Kwa dakika 26 mashine ndiyo iliyofanya kazi ya moyo na mapafu yake, na msichana akapona. Wagonjwa waliofuata hawakupona, na Gibbon akavunjika moyo, akaacha. Mwaka 1954 Daktari Lillehei wa Minnesota alithubutu jambo ambalo nilipolisoma nililirudia mara mbili nisidhani nimekosea: alitumia mzazi wa mtoto awe ndiye mashine. Baba au mama alilazwa kando ya mwanawe, mirija ikaunganishwa, na moyo na mapafu ya mzazi yakaulisha mwili wa mtoto mpaka kazi ikaisha. Watoto 45 walipasuliwa hivyo, na 28 wakarudi nyumbani. Siku hizi njia hiyo haitumiki, kwa sababu mashine zimekuwa njema, lakini sidhani kuna mama wa Buganda ambaye angekataa kulala kwenye kitanda kile.

Mashine ya leo hufanya hivi. Mirija huchota damu nyeusi kabla haijaingia moyoni. Damu hupita katika pafu bandia, ikapewa oksijeni na kuondolewa kaboni dioksidi. Hupozwa au kupashwa moto kadiri itakiwavyo. Kisha pampu huirudisha katika aota. Kwa mtu mzima pampu hupitisha kama lita 2.4 kwa dakika kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili wake, yaani lita nne au zaidi. Kwa hiyo ubongo hupata damu yake ingawa moyo umesimama. Hili ndilo jibu la swali la mwenzetu kwa neno moja, nami ningeweza kuweka kalamu chini hapa.

Lakini fikiri. Damu ya mashine huingia katika aota. Ikiachwa hivyo, itarudi nyuma kuelekea moyoni, na mpasuaji akifungua vali ya aota atafurikwa. Kwa hiyo yeye huibana aota kwa koleo maalumu, kati ya moyo na mahali damu ya mashine inapoingilia. Upande wa juu wa koleo, damu huenda kichwani, mikononi na miguuni. Upande wa chini umebaki moyo, na ile mishipa miwili inayoulisha iko huko huko chini! Tangu koleo lifungwe, mwili mzima hulishwa isipokuwa moyo peke yake. Ukiachwa hivyo hali unapiga, ukiwa na joto la kawaida, msuli wake huanza kufa baada ya dakika kama 20, na kazi ya mpasuaji yataka saa moja au mbili.

Hapa ndipo njia mbili zinapoachana. Ubongo hulindwa kwa kulishwa bila kukatizwa. Moyo hulindwa kwa kuondolewa njaa.

Kila gramu 100 za msuli wa moyo unaofanya kazi yake ya kawaida hutumia mililita 8 hadi 10 za oksijeni kwa dakika. Moyo huo huo ukisimamishwa kabisa, hata kabla haujapozwa, hutumia kama mililita moja tu. Ukipozwa tena mpaka digrii 22, hushuka chini ya nusu ya hiyo. Waona kwamba faida kubwa hutokana na kusimama, na baridi huongeza iliyobaki. Kwetu mama hufukia makaa kwa majivu usiku. Hayazimiki wala hayateketei, na alfajiri akipuliza, moto upo. Moyo hufukiwa namna hiyo.

Majivu yake ni chumvi ya potasiamu. Twajua kutoka kitabu cha S.5 kwamba seli ya msuli huweka potasiamu nyingi ndani na kidogo nje, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya nguvu ya umeme ya seli. Moyo hupiga umeme huo unapogeuka ghafula, milango ya sodiamu ikifunguka. Ukiongeza potasiamu nje ya seli, tofauti hupungua, milango ya sodiamu hukwama ikiwa imefungwa, na seli haiwezi tena kuitikia. Moyo hulegea, ukanyamaza. Sydney Ringer wa London aliyaona hayo katika mioyo ya vyura tangu miaka ya 1880. Ni yeye ambaye maji yake ya chumvi twayatumia katika chumba chetu cha majaribio.

Ilichukua miaka sabini kwa maarifa hayo kufika kwenye meza ya upasuaji, na yalipofika yalianza vibaya. Mwaka 1955 Daktari Melrose na wenzake wa London walitangaza kwamba wameusimamisha moyo kwa dawa ya potasiamu. Wapasuaji wakafurahi, wakaitumia, na baada ya miaka michache ikaonekana kwamba misuli ya mioyo mingine ilikuwa na makovu. Dawa ilikuwa kali mno. Ikaachwa kwa karibu miaka 15, na muda huo wote wapasuaji walijikongoja kwa barafu na haraka. Wengine nje ya Ujerumani hawakujali sana kwamba mtaalamu Bretschneider wa huko alikuwa akiendelea na utafiti wake katika miaka hiyo ya 1960. Ndipo katikati ya miaka ya 1970 Hearse na Braimbridge, wa hospitali ya St Thomas' mjini London, walipotengeneza maji yenye potasiamu ya kiasi, milimoli 16 kwa lita. Katika damu yetu ya kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5. Kosa la Melrose, basi, lilikuwa la kipimo, na wazo lake lilikuwa sawa. Mimi husikitika nikisoma habari hii, kwa kuwa wazo jema lilitupwa pamoja na kipimo kibaya, na wagonjwa wa miaka 15 wakakosa faida yake.

Maji hayo hupozwa mpaka digrii 4 hivi na kuingizwa katika mwanzo wa aota, chini ya koleo, ili yapite katika ile mishipa miwili mpaka kila pembe ya moyo. Dakika moja au mbili hazipiti, moyo umenyamaza. Hurudiwa kila dakika 20 au 30, kwa kuwa joto la mwili huurudia moyo polepole na dawa husafishwa. Wengine huichanganya na damu ya mgonjwa mwenyewe, ili moyo uliolala upate pia oksijeni kidogo. Kwa watoto hutumiwa sana maji ya del Nido, yaliyobuniwa Pittsburgh, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo mara moja yaweza kutosha kwa saa moja na zaidi.

Kuna shida moja ambayo ni ya kwetu hasa, kwa sababu wagonjwa wengi wa vali hapa Uganda waliipata shida yao kutokana na homa ya baridi yabisi, na vali zao aghalabu huvuja. Vali ya aota ikivuja, maji ya kusimamisha moyo hayaendi kwenye mishipa. Huanguka ndani ya moyo, yakaujaza na kuuvimbisha kama kiriba, na kuvimba huko kwauumiza kuliko njaa. Hapo mpasuaji hufungua aota na kuyatia maji moja kwa moja katika kinywa cha kila mshipa, au huyapeleka kinyumenyume kupitia mshipa unaorudisha damu ya moyo wenyewe. Nimeipenda njia hii ya pili. Mlango wa mbele ukikataa, huingilia wa nyuma.

Tuuache moyo umelala, twende kichwani.

Msomaji atauliza, kwa nini ubongo nao usilazwe kama moyo? Hulazwa, kwa dawa za usingizi, lakini faida si ile ile. Kazi kubwa ya moyo ni kupiga. Ukiacha kupiga, umeacha karibu yote. Ubongo hata ukinyamaza kabisa, usionyeshe alama yoyote ya umeme, bado wahitaji karibu nusu ya chakula chake ili tu seli zake zisife. Nusu hiyo haikopeki. Ni baridi tu iwezayo kuipunguza, kwa kadiri ya asilimia 6 au 7 kwa kila digrii moja.

Ndiyo maana kwa upasuaji wa kawaida mwili hupozwa kidogo, mpaka digrii 32 au 28, huku pampu ikiendelea. Baridi hii ni akiba: mashine ikileta matatizo, wapo wenye dakika chache za kurekebisha. Lakini upo upasuaji ambao hata pampu haina budi kusimama, kama ule wa tao la aota, mahali inapochipuka mishipa yenyewe ya kichwa, na baadhi ya kasoro za watoto wachanga. Hapo mwili wote hupozwa mpaka digrii 18. Sisi wa Mengo twalijua joto hilo. Ni la alfajiri zetu baada ya mvua ya usiku. Mtu akiwa baridi namna hiyo, pampu huzimwa, damu hutulia, na mpasuaji ana kama dakika 30 za kufanya kazi yake. Daktari Griepp wa Stanford alionyesha mwaka 1975 kwamba tao la aota laweza kubadilishwa hivyo. Siku hizi wengi hawapendi kuuacha ubongo bila damu hata kwa muda huo. Hupitisha mrija katika mshipa wa kwapa la kulia, ambao huungana na mshipa wa shingo, na kuulisha ubongo peke yake wakati mwili uliobaki ukingoja.

Hata hivyo njaa si adui pekee wa ubongo, na yule daktari wetu alinikazia kwamba katika upasuaji wa kila siku si adui mkubwa. Adui mkubwa ni kitu kidogo: tone la hewa, donge la damu, chembe ya chokaa iliyobanduka kwenye aota kuukuu koleo lilipofungwa. Kikifika katika mshipa mwembamba wa ubongo hukiziba, na mgonjwa huamka na kiharusi ingawa vali yake imeshonwa vizuri ajabu.

Kwa donge la damu ipo heparini, ambayo mgonjwa hupewa kabla mashine haijaanza, kwa kuwa damu ikigusa mirija huganda. Dawa hiyo ilianza kugunduliwa mwaka 1916 na mwanafunzi wa udaktari, Jay McLean. Naliandika hili kwa ajili ya wale wanaosema wanafunzi hawagundui kitu. Kazi ikiisha hupewa protamini ili heparini iondoke.

Hewa ni mjanja zaidi. Moyo uliofunguliwa umejaa hewa, na kabla ya kufungwa sharti itolewe yote. Mpasuaji huujaza moyo kwa damu, huutikisatikisa, meza huinamishwa kichwa chini ili hewa ielekee mbali na ubongo, na mtaalamu wa usingizi hutazama kwa mashine ya mawimbi ya sauti iliyopitishwa kooni kama bado yako mapovu. Tena kuna hila moja ya kikemia iliyonifurahisha: kaboni dioksidi hupulizwa juu ya kidonda wakati wote moyo ukiwa wazi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, basi hukaa humo kama maji katika bakuli na kuisukuma hewa nje. Na povu lake likiingia katika damu, huyeyuka upesi kuliko povu la hewa. Ni gesi ile ile ya soda.

Soda yatufundisha jambo jingine. Chupa baridi ukiiweka juani hutoa mapovu, kwa sababu maji ya moto hayashiki gesi nyingi kama maji ya baridi. Damu ni vivyo hivyo. Kwa hiyo wakati wa kumpasha mgonjwa joto, mwendesha mashine hana ruhusa ya haraka. Akiipasha damu ghafula, gesi zitatoka humo. Akiizidisha kupita digrii 37, ubongo utapata homa wakati ule ule unapojaribu kupona. Nilidhani hatari yote iko katika kupoza. Kumbe wenye kazi hii waogopa zaidi kupasha.

Wakati huo wote mtu mmoja hutazama namba: mgandamizo wa damu usishuke mno, damu isiwe nyepesi mno, na kaboni dioksidi isipungue mno, maana ndiyo inayoiambia mishipa ya ubongo ijipanue au ijibane. Juu ya paji la uso hubandikwa kijitaa ambacho mwanga wake hupenya fuvu na kurudi na habari za oksijeni iliyomo katika damu ya ubongo. Namba ikishuka upande mmoja, wajue upande huo una njaa, pengine kwa kuwa mrija umepinda tu.

Hatimaye koleo huondolewa. Damu yenye joto huingia katika mishipa miwili ya moyo, huisafisha potasiamu, na mara nyingi moyo huanza wenyewe, kwanza kwa kutetemeka bila mpango, kisha kwa pigo moja, na jingine. Usipojipanga hupigwa umeme kidogo. Pampu hupunguzwa polepole mpaka moyo ubebe mzigo wote.

Sasa nirudi kwa mdogo wa mwenzetu, kwa sababu kuna jambo ambalo maji yote ya potasiamu hayawezi kulirekebisha. Moyo uliochoka miaka mingi kwa vali mbovu huwa umepanuka au umenenepa. Maji ya kuulaza hayafiki vizuri ndani ya msuli mnene, na akiba yake ya nguvu ilikwisha zamani. Huamka kwa shida. Kwa hiyo siku ambazo mtoto hungojea si siku tupu. Na ugonjwa wenyewe huanza kwa kitu kidogo mno: koo linalouma kwa bakteria, lisilotibiwa, kisha homa ya viungo, kisha vali.

Utafiti mmoja uliofanywa kaskazini mwa nchi yetu, pande za Gulu, ukatangazwa mwaka 2021, uliwachukua watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao mashine ya mawimbi ya sauti ilikuwa imeonyesha dalili za mwanzo kabisa mioyoni mwao, wenyewe wasijisikie wagonjwa. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Miongoni mwa wasiochomwa, 33 kati ya 400 waliendelea kuharibika vali. Miongoni mwa waliochomwa, 3 tu kati ya 399. Sindano hiyo huuma sana, nimeambiwa, na watoto huikimbia.

Mwenzetu aliisoma makala hii kabla sijaitoa, akaipeleka nyumbani, akamsomea mama yake yote kwa Luganda. Mama hakuuliza habari za potasiamu wala za koleo. Aliuliza kama mtoto atasikia baridi. Nimemwuliza daktari wetu, naye amejibu hivi: hatasikia, kwa kuwa atakuwa amelala fofofo kabla ya kupozwa, na atapashwa joto kabla ya kuamshwa. Huenda akatetemeka baadaye, katika chumba cha uangalizi, na wauguzi watamfunika kwa mablanketi yenye joto upesi, kwa sababu mwili unaotetemeka huutaka moyo ufanye kazi zaidi nao ndio kwanza umeamka. Kisha watamwita kwa jina lake, na kumwambia afinye mkono, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto.